Kifaa Namba 214/37

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumapili, Bi Soheir Gobran alibadili viatu mlangoni mwa chumba 214, akavaa kandambili za maabara, akaweka birika la chai mbali na meza ya lenzi, kisha akawasha leza. Mwale ulitoka mwekundu na mnyoofu, ukafika katikati ya chumba, ukapinda kumwelekea yeye. Ulikuwa ukifanya hivyo kwa mwaka wa sita sasa.

"Acha kunizoea," aliuambia. "Nenda sawa."

Mwale ukanyooka, ukaenda mpaka ukutani bila kutanuka hata kidogo.

Kwa kawaida mwanga hutanuka kadiri unavyokwenda mbali. Yeyote aliyewahi kushika tochi anajua. Wa Bi Soheir haukutanuka hata walipoupitisha kwenye korido nzima ya ghorofa ya pili, mita arobaini na mbili, wafanyakazi wakiuruka na sinia zao za chai. Hakuna aliyeshangaa, ila Profesa Galal Sharnubi, mkuu wa maabara, aliona hapo pana makala. Akaiandika, akaweka majina manne chini ya kichwa: lake, la naibu wake, la mpwa wake, na la mkuu wa taasisi ambaye hajakanyaga chumba 214 tangu kilipopakwa rangi.

Bi Soheir alitaka kitu kimoja tu, jina la tano. Ni yeye aliyeufundisha mwale ule adabu, siku baada ya siku, na alijua thamani ya kazi yake. Akaenda kumwona Profesa.

"Profesa, jina langu sijaliona."

"Bi Soheir, mwandishi ni mtu anayefikiri."

"Na mimi mle ndani huwa napika mulukhiya?"

"Wewe ni nguzo yetu."

"Nguzo ziko tele hapo uani, Profesa. Mimi nataka jina."

Kwenye vipimo lakini Profesa hakuwa mwongo. Wahakiki wa jarida walipolalamika kwamba maabara mbili za nje zimejaribu zikashindwa, aliwajibu ukweli: joto liwe nyuzi ishirini na mbili, na Bi Soheir awe umbali wa mita mbili. Wakamwandikia kwamba kama huyo ni mtu, awekwe kwenye waandishi. Kama ni kifaa, awekwe kwenye jedwali la vifaa. Profesa akamweka kwenye jedwali, baina ya leza na meza ya chuma.

Makala ilipotoka, Ustadh Zakariya wa ofisi ya mali aliisoma, akagundua kwamba taasisi ina kifaa kisichosajiliwa. Akapanda ngazi na daftari lake na stika. Kwa kuwa vifaa vyote vya chumba 214 vilikuwa mikononi mwa Bi Soheir, ilibidi asaini kujipokea mwenyewe.

"Na nikipotea?" aliuliza.

"Utaandika maelezo kwa nini umejipoteza."

"Nikijiona tena?"

"Hiyo ni fomu nyingine, dada yangu. Tusifike huko."

Alisaini, akabandika stika ya 214/37 kwenye beji yake, chini ya picha. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, lakini aibu hakuiona. Aibu aliwaachia wenyewe.

Mwezi wa tano makala ikashinda tuzo ya mwaka ya utafiti bora wa uhandisi wa mwanga. Siku ya hafla, Bi Soheir alipita getini kwa kibali cha kutoa kifaa, akaenda ukumbini, mtaa wa Heliopolis, akiwa na suti ya buluu aliyoshonesha kwa ajili ya Pasaka, akaketi safu ya kumi na mbili. Profesa alipoitwa akapanda jukwaani. Taa zote za jukwaa zikapinda, zikapita juu ya vichwa vya watu, zikatua kwa Bi Soheir. Profesa akabaki gizani na karatasi ya hotuba mkononi.

Ukumbi ulijaa watu wa fani. Walitoa simu, wakapima pembe, wakabishana kwa minong'ono kama ni nyuzi thelathini na moja au thelathini na mbili. Hakuna aliyeuliza yule mama ni nani.

"Bi Soheir," Profesa alisema kwenye kipaza sauti, kwa upole kabisa, "taa, tafadhali."

"Taja majina yote matano, zitakuja," alijibu Bi Soheir bila kuinuka.

Profesa alifikiri kidogo. Kisha akaikunja karatasi, akaisema hotuba kwa kichwa. Akataja majina manne, akamshukuru mkewe, akamshukuru na fundi umeme. Watu wakalipigia giza makofi.

Bi Soheir aliziacha taa zikae pale pale. Alikaa wima katikati ya mwanga wote wa ukumbi, na alijua kwamba suti imemkaa.

Wakati wa chai na basbusa, mhandisi mmoja kutoka Tunis alimfuata na fomu ya kuazima vifaa. Aliinama akasoma beji, akanakili namba, kisha akamuuliza Profesa kama kifaa hiki kinaweza kusafiri kwa ndege.

"Naitwa Soheir Gobran," alisema Bi Soheir. "Liandike."

Mhandisi hakuwa mbishi. Alimwomba alitaje herufi moja moja, akaliandika lote kwa mwandiko mzuri, bila kosa, kwenye nafasi ya mtengenezaji.