Harufu ya Moshi kwenye Mashuka

Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi asubuhi ileile ambayo mumewe alimwambia kwamba harudi bado.

Mtaani walimwita Dobi, na jina lenyewe lilimkaa vizuri, kwa sababu mashuka na sare za nusu ya mji zilipita mikononi mwake. Nyumbani alikuwa Mama Kidoti, kwa ajili ya binti yake mwenye doa jeusi shavuni. Biashara waliianza pamoja, yeye na mumewe, kwa mabeseni na kamba ya kuanikia, mpaka wakapata mashine za kufulia na vani nyeupe. Mume alikuwa fundi wa mitambo. Yeye ndiye aliyeendesha vani kupeleka nguo, na mkewe akabaki na sabuni na pasi. Halafu mgodi mmoja wa nchi ya mbali ukatafuta mafundi, naye akaenda.

"Mwaka tu," alisema siku ya kuondoka, huku akimwonyesha namna ya kurudisha vani kinyumenyume getini. "Utahesabu Jumapili, utashtukia nimefika."

Mwaka ulifika, yeye hakufika. Mgodini waliomba mafundi wasiondoke mpaka mtambo mpya usimame. Baba Kidoti alilieleza hilo kwa sauti ya kubembeleza, mkewe akajibu "sawa" kavu, akakata simu. Kisha akapanda kwenye vani, akaiwasha, na kile kitaa cha njano chenye umbo la injini kikamkodolea macho.

Aliendesha hivyohivyo. Alikuwa na mashuka ya zahanati ya kupeleka.

Tangu hapo kichwa kikawa kinamuuma. Hakumwambia mtu. Aliona ni haki yake: mtu anayelia bafuni huku amefungulia bomba la maji ili mama mkwe asisikie atakosaje kuumwa kichwa? Alimkumbuka mumewe kwa vitu vidogo visivyo na maana. Namna alivyokuwa akiita "nipo!" kabla hata ya kufungua geti. Namna alivyokunja taulo vibaya, kila siku, kana kwamba hajaoa dobi. Sasa taulo zote zilikunjwa sawasawa, na alitamani aione hata moja iliyopinda.

Kuhusu kile kitaa, alimwita fundi wa mtaa, ambaye kila mtu alimwita Chapchap. Chapchap alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akasoma, akasema ni sensa ya oksijeni, ile iliyochomekwa kwenye bomba la moshi. Akaiondoa, akaweka mpya. Kitaa kikazima. Dobi hajamaliza kushukuru, kikawaka tena.

"Basi tatizo ni masega," Chapchap alisema, akimaanisha kile chombo chenye vitundu kama sega la nyuki ambacho kinasafisha moshi kabla haujatoka nje. "Tunayatoboa, moshi unapita bila kizuizi. Na kitaa nakikatia waya. Hutakiona mpaka unazeeka."

Dobi alisema atafikiria. Pengine angekubali, kwa jinsi alivyochoka, lakini kesho yake matroni wa zahanati alimpokea mlangoni na shuka mkononi.

"Dobi, nusa hapa."

Akanusa. Sabuni yake ilikuwepo, na jua lilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kizito, kama gereji.

"Wagonjwa wangu wanalalamika," matroni alisema, si kwa ukali. "Sitaki kutafuta dobi mwingine. Lakini mashuka ya namna hii siwezi kuyatandika."

Dobi aliomba radhi, akapakia mzigo wote upya, akarudi nyumbani huku uso umemshuka. Njia nzima kichwa kilimgonga, na alipofika aliyafua yote tena.

Jumapili mchana mumewe akapiga. Kule mgodini mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya lundo la kifusi pembeni ya tangi la maji, na siku zote alianza maongezi huku akihema.

"Vani inaendeleaje?"

Vani! Hakuuliza kama amelala, kama amekula. Dobi akahisi hasira ikimpanda.

"Inakusalimu," alisema. "Inasema imekukumbuka mno. Mke wako hana neno, ila vani hali yake mbaya."

"Mama Kidoti," mumewe akasema polepole, "huku niliko siwezi kukushika mkono. Siwezi kumbeba mtoto. Vani angalau naijua nati kwa nati. Nikiiulizia, najiona niko hapo uani. Nisamehe."

Hasira ikamtoka, akabaki hana pa kushika. Akamweleza basi: kitaa, sensa mpya, kitaa tena, masega, malalamiko ya matroni, na jinsi vani inavyokunywa petroli siku hizi kama mtu aliyetoka kwenye mfungo.

"Asiguse masega!" mumewe alidakia. "Sikiliza. Ile sensa ni kama pua. Inanusa moshi wa injini, inaiambia kompyuta ya gari kama petroli imezidi au imepungua. Sasa, kama umeweka pua mpya na taa imerudi, ujue pua haina kosa. Kuna kitu inanusa ambacho hakitakiwi kuwepo."

"Kitu gani?"

"Hewa ya nje. Bomba likiwa na upenyo kabla ya sensa, hewa inavutwa ndani. Sensa inasema jamani, hewa nyingi huku. Kompyuta inadhani petroli haitoshi, inaongeza. Ndiyo maana inakunywa hivyo." Kisha akanyamaza ghafla. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na pale hewa inapoingilia, moshi nao unatokea. Matroni alisema mashuka yananuka moshi?"

"Ndiyo."

"Na wewe? Ukiwa ndani ya gari, unajisikiaje?"

Alitaka kusema hajambo, kama kawaida yake. "Kichwa kinaniuma," akasema. "Siku nyingi sasa. Nilijua ni wewe."

"Mimi?"

"Kukulilia, Baba Kidoti. Nilidhani kichwa kinauma kwa kulia."

Alisikia upepo wa kule ukipiga kwenye simu.

"Kinaanza ukiwa wapi?"

"Nikiwa kwenye usukani. Nikishuka, nikikaa nje kidogo, kinapoa."

"Na Kidoti unampakia humo?"

"Kila asubuhi. Shule si iko njiani?"

"Usiiwashe tena hiyo gari!" Mumewe alipaza sauti, yeye ambaye hata kuku alikuwa akiwafukuza kwa adabu. "Mtoto asipande, wewe usipande, hata kuisogeza usiisogeze! Moshi ule unaua, mke wangu, unaua watu kimyakimya!" Halafu sauti ikakatika, na Dobi akadhani ni mtandao, mpaka akasikia anavuta pumzi. Alikuwa analia. "Mimi niko huku nakaza nati za mitambo ya watu," alisema, "na nyumbani kwangu..."

Hakumalizia. Salio likaisha.

Kesho yake asubuhi mumewe aliomba ruhusa kazini, akapanda tena kifusini. Dobi alikodi mkokoteni upeleke mashuka zahanati, mtoto akaenda shule kwa miguu, na uani wakakusanyika watatu: Dobi, Chapchap aliyekuja na jeki na vigingi vyake vya chuma, na mama mkwe, aliyetoka na kigoda kuja kutazama. Simu iliwekwa juu ya ndoo, sauti ikafunguliwa.

"Injini iwe ya baridi," mumewe aliagiza. "Tengenezeni maji ya sabuni, yenye povu zito. Mpakeni maungio yote ya bomba, kutoka kwenye injini mpaka kwenye sensa. Mmoja azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara, mmoja awashe. Penye upenyo, povu litachemka. Fanyeni haraka, lisipate moto."

"Povu!" mama mkwe alisema. "Basi umefika kwa wenyewe."

Tatizo likawa nani aingie chini. Gari lilikuwa limeinuliwa na kuwekewa vigingi imara, lakini tumbo la Chapchap lilikataa kabisa kupatana na nafasi iliyobaki. Dobi akafunga kanga kichwani vizuri, akatandika gunia, akajikaza kisabuni, akaingia mwenyewe na kopo na brashi. Chapchap akaenda kuziba mdomo wa ekzosi kwa tambara bichi. Wa kuwasha gari akabaki mama mkwe, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika ufunguo wa kitu chochote zaidi ya kabati.

"Mama, zungusha ufunguo, gari likinguruma uachie," mwanawe alimwelekeza kutoka kule mbali. "Usikanyage chochote."

"Mimi nikanyage nini? Miguu nimeiweka mlangoni."

Gari likanguruma. Mama mkwe akapiga yowe, akaachia ufunguo kana kwamba umemng'ata, lakini injini ilishashika. Kule chini Dobi alitoa macho. Kiungo cha kwanza, povu limetulia. Cha pili, limetulia. Pale ambapo bomba linaungana na kipande chake kinachonyumbuka, chini kabisa ya kiti cha dereva, povu likafura, likapasuka, likafura tena, puku puku puku, kama uji.

"Naliona tundu!" alipiga kelele. "Zimeni! Naliona!"

Akatambaa nje, uso una masizi na povu, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kutoka juu ya ndoo mumewe alikuwa akiuliza, "Liko wapi? Likoje? Niambieni basi!" na wote watatu walimjibu kwa pamoja, asielewe hata mmoja.

Gasketi ya pale, ile pete ya kuzibia maungio, ilikuwa imeliwa, na bolti zake zimeshikana kwa kutu. Walizilowesha mafuta, wakasubiri, Dobi akazifungua kwa spana ndefu ya mumewe. Chapchap alienda kununua gasketi nyingine, akarudi na gundi ya silikoni pia, ya kupaka juu, lakini sauti ya kwenye ndoo ikamkatalia: mvuke wa gundi ile ukiifikia sensa, unaiharibu ncha. Chapchap akairudisha mfukoni bila ubishi. Ni yeye aliyeona kwamba waya wa sensa umelegea na unakaribia kugusa bomba la moto, akaufunga pembeni vizuri. "Hilo, bosi, umesahau kutuambia," alisema kuelekea simu, na mumewe akakubali kwamba amesahau.

"Taa msiifute kwa mashine," alisema mwisho. "Iacheni. Kompyuta ikiridhika, itaizima yenyewe. Na madirisha wazi mpaka tuwe na uhakika."

Kitaa kilizima baada ya safari kadhaa, mbele ya geti la zahanati. Dobi alikiona kikitoweka, akageuka upande wa kushoto amwambie mtu, na kiti kilikuwa kitupu. Alikaa pale, injini ikinguruma taratibu, hakuna harufu, kichwa chepesi kabisa. Wakati ule ndipo alipojua umivu lipi lilikuwa la moshi na lipi lilikuwa lake. La moshi lilikuwa limeisha. Hili jingine lilikuwa palepale kifuani, na sasa hakuwa na la kulisingizia.

Jumapili iliyofuata alimweleza mumewe habari ya kitaa. Mumewe hakushangilia kama alivyotarajia. Aliuliza, "Leo unapeleka mzigo?"

"Nina taulo za hoteli."

"Weka simu kwenye kiti. Usikate. Wewe endesha tu, usiongee na mimi."

Akaiweka. Akaendesha. Alipita kwenye matuta ya karibu na shule, vani ikalia vyuma; alimpisha muuza maji aliyekuwa akigonga kengele; alisalimiana dirishani na mshona viatu, aliyeuliza, "Bwana hajarudi tu?" naye akajibu, "Bado." Kwenye simu hapakuwa na neno. Alidhani imekatika, akaiangalia: bado ilikuwa inahesabu. Alipoegesha nyuma ya hoteli ndipo aliposikia sauti.

"Yule mshona viatu," mumewe alisema, "bado anakohoa vilevile."

"Vilevile."

"Nimemwambia meneja siusubiri mtambo. Mwezi ukiisha natoka."

Dobi aliogopa kwamba akifurahi kwa sauti, jambo lenyewe litavunjika. Alishuka, akabeba furushi la taulo, akalipeleka ndani, akarudi, na ndipo akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

Mumewe alirudi kweli. Dobi alikwenda kumpokea kituoni na vani, amevaa gauni ambalo alilipiga pasi mpaka mama mkwe akamwambia litaungua. Mume alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi, na kwa muda walisimama wakitazamana kama wageni waliopewa anwani moja. Kisha mumewe akamkumbatia, akinuka vumbi na sabuni ya watu wengine.

Njia nzima ya kwenda kumpokea Dobi alikuwa amepanga maneno. Atamwambia hili, atamuuliza lile. Lakini vani haijafika hata kwenye barabara kubwa, mumewe aliegemeza kichwa kwenye kioo na usingizi ukamchukua, mdomo wazi, mikono imelala mapajani kama vifaa vilivyowekwa chini.

Vani ilifika kwenye kona ya kuingia mtaani kwao. Nyumbani walikuwa wakiwasubiri, mtoto ameshindwa hata kula kwa shauku. Dobi aliliangalia geti lao kwa mbali, akamtazama mumewe, akaipita ile kona. Akazunguka polepole kwa barabara ya juu, madirisha wazi, akikwepa kila shimo asije akamwamsha.