Mtani Asiyejibu

Mimi mtu akisifu sana kitu changu, nakishika vizuri. Ndivyo nilivyoanza na yule bwana, siku ya kwanza tu alipoketi kwenye benchi la chai mbele ya nyumba yetu akasema, "Jamani, mtaa huu una raha."

Raha tunayo, hatukuhitaji yeye aje kutuambia. Ua wetu ni mmoja, kaya nne, na kinu kimoja ambacho hakuna anayekumbuka ni cha nani. Nikikosa chumvi naingia kwa Nyeleni bila hodi, na yeye akichelewa sokoni anakuta wanawe wameshakula kwangu. Alasiri wanaume wanakaa kwenye kivuli cha ukuta, Ngolo fundi viatu anachemsha chai, na habari zote za Bamako zinapita hapo, nyingine hata hazijatokea bado. Niliolewa humu, nikafiwa na mume humu. Sina kwingine, wala sikutaki.

Lakini mwenye nyumba alikufa msimu wa mvua uliopita, na mwanawe aliyeko Sikasso anauza. Anamuuzia nani, hasemi. Kwa hiyo mtu akianza kuja kila siku kunywa chai kwa fundi viatu, na hana hata kiatu cha kushona, mimi simtazami usoni. Natazama macho yake yanakwenda wapi.

Yake yalikwenda ukutani. Alipodhani hatumwoni aliugonga kwa kidole kama anachagua tikiti. Akamuuliza Ngolo mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Akauliza choo kilichimbwa lini. Mtu gani anauliza umri wa choo cha wenzake?

"Yule ana lake jambo," nikamwambia Nyeleni tukitwanga mtama.

"Dada Sitan, wewe hata jogoo akiwika mapema unamshuku. Labda ni mpweke tu."

"Mpweke haulizi choo."

Siku hiyohiyo nikamsikia Ngolo akimwita kwa jina la ukoo. "Traore, pokea glasi."

Nikaacha mchi. Traore! Mimi ni Diarra, na Diarra na Traore ni watani tangu enzi za mababu. Tunaitana watumwa na wala maharage hata msibani, na hakuna kununa. Lakini utani una mzigo wake: mtani humnyimi, humtendi ubaya. Ukishamjibu, umefungwa.

Nikatoka na unga mikononi. "Kumbe ni mla maharage! Ngolo, unampaje Traore chai? Ndiyo maana benchi linanuka siku hizi!"

Watu wakaangua kicheko. Traore yeyote, hata awe mahututi, angenirudishia palepale. Huyu akatazama glasi yake, akasema, "Asante, mama."

Asante! Kicheko kikakatika, watu wakatazamana. Mtu hakimbii utani kwa sababu ya adabu. Anaukimbia akiwa na jambo ambalo hataki limzuie.

Kesho yake nikapika maharage sufuria nzima, nikampakulia sahani, nikamwekea mapajani mbele ya watu wote.

"Kula, mtumwa wa babu yangu. Ila ukimaliza ukakae mbali, upepo unavuma huku."

"Asante, mama."

"Traore gani huyu asiye na mdomo? Au jina umeliazima pamoja na viatu?"

Jasho likaanza kumtoka. Nyeleni akanivuta kitenge. "Dada, mwache, basi."

"Simwachi! Ukoo wao siku hizi unazaa mabubu? Babu yake angemwona leo, angeomba kuitwa Diarra!"

Hapo nilimgusa penyewe. Akaweka sahani chini, akasimama.

"Nyamaza wewe mwanamke wa Diarra!" akanguruma. "Nyinyi ni watumwa wetu tangu hapo! Nani kakuruhusu kupiga kelele mlangoni pa nyumba yangu?"

Nyumba yangu. Hata yeye alilisikia neno hilo likimtoka. Ngolo akabaki ameinua birika, Nyeleni kajiziba mdomo. Nilikuwa nimeshuku kweli, na sikufurahi hata chembe. Nikakaa palepale kizingitini.

"Haya," nikasema. "Umenijibu, na watu wamesikia. Mimi ni mtumwa wako?"

"Ni utani tu, mama."

"Ndiyo, utani. Mtumwa anakaa wapi?"

Ngolo akamjibia, macho yake kwenye birika. "Kwa bwana wake."

"Na anakula wapi?"

"Kwa bwana wake!" benchi zima likaitikia.

Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, kisha akautazama ukuta wake. Niliogopa, siwezi kuficha. Angeweza kuondoka na kurudi na mafundi wa kubomoa, na sisi tungebaki na utani wetu barabarani.

Akakaa. Akaokota sahani, akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole.

"Ukuta wa nyuma lazima ujengwe upya," akasema. "Mtabanana vyumba vya mbele mpaka mafundi wamalize."

"Halafu?"

"Halafu mtarudi kwenu." Akatema mate pembeni. "Na maharage haya hayana chumvi, mtumwa wewe. Kupika nako hamjui."

Nikainuka kumletea, huku bado nikimchunga macho yanakwenda wapi. Chumvi yangu ilikuwa imekwisha. Nikaingia kwa Nyeleni bila hodi.