Miji Niliyoitoa kwa Nyuzi Nne

Nalala adhuhuri, jua la Tanga limekamata bati, mguu nimeuegemeza mlangoni usijifunge, na mlango unanivuta huo mguu, unanivuta mzima, na nje si ua wa Bi Mwanahamisi jirani yangu, ni barabara nyeusi ya Uingereza yenye mvua, ileile niliyoizunguka miaka tisa nikibeba vyombo vya bendi ya roki, mimi baharia mtoro. Gari linasimama. Dereva hana uso, pana ngozi tupu kama kisigino. Panda, Shekuwe, umechelewa, ananiambia. Napanda. Namuuliza, Graham yuko wapi, yule mpiga besi wetu, nina neno naye. Anacheka kwa tumbo. Kitendawili. Nami nilivyolelewa siwezi kunyamaza, nasema tega.

Ilikuwa chafu ikaimba, ikatakata ikafa.

Nalijua jibu. Nasema sijui. Basi nipe mji, anasema, na desturi ni desturi, nampa Hull, alikozaliwa Graham, na Hull inatokea kandokando ya barabara, madirisha yote vioo, na katika kila kioo yumo Graham wa miaka kumi na minne amekumbatia gitaa la besi kwa sababu wenzake waligombania gitaa jingine hili likabaki. Ananitazama, anatema mate, vioo vinazimika. Barabara inarudi palepale. Kitendawili. Tega. Kilekile. Sijui. Nampa Leeds, na Leeds yote ni baa, katika kila kioo Graham anapiga amewapa watu mgongo, wanamrushia bia, halafu miaka inapita wanamrushia maua, na nyuzi zake ni zilezile nne, miaka kumi na moja hajazibadilisha, zimekunywa jasho na moshi na mafuta ya chipsi, zina mlio mzito kama mlango wa ghala, na bendi nzima imesimama juu ya mlio huo. Na mji huu nao unauzima, mwizi we, ananiambia toka kiooni, na kweli unazimika.

Kitendawili. Sasa nalia, natoa London. Sitaki kuangalia, shingo inageuzwa. Ni chumba cha kurekodia, kesho yake wanaanza kurekodi ile sahani kubwa ya santuri, na ndani ya kioo nipo mimi, kijana, nampenda Graham kama ndugu, nimeona aibu kwa kutu ya nyuzi zake, nazing'oa, natupa pipani, nafunga mpya zinazong'aa. Asubuhi besi inalia kama vijiko. Wenzake wanasema mikono yake imekwisha. Anaitazama mikono yake. Siku tatu, wanamfukuza, na mimi nimesimama na kikombe cha chai, sisemi, maana nikisema naondoka mimi. Tangu hapo hakugusa besi, alibandika vigae vya vyoo mpaka magoti yakafa.

Kitendawili, anasema dereva, na huna mji tena ila mmoja. Tamka jibu tu, mzee. Mdomo naufungua. Chukua Tanga, nasema.

Anasimamisha gari. Ngozi inapasuka, na uso ni wa Graham, mzee kama mimi. Nyuzi zangu niliziokota pipani siku ileile, Sheki. Nilijua ni wewe. Nikakungoja useme wewe, nikangoja siku tatu, nikangoja miaka thelathini. Mwoga mkubwa. Shuka kwenye gari langu.

Nashuka, mguu wangu uko mlangoni. Bati linalia kwa joto. Bi Mwanahamisi yuko uani, ameinamia ungo, anapeta mchele. Namuuliza, jirani, huu mji gani?

Mji upi, mzee?

Ni nyuzi, namwambia, jibu la kitendawili ni nyuzi, nilizibadilisha mimi, haikuwa mikono ya Graham. Nimelisema kwa sauti mpaka kuku wameshtuka. Yeye anapeta tu. Nangoja ainue uso.