Keria Tupu

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mnene. Nimejaa. Kuna tofauti hapo, ingawa daktari wa Kiomboi hakuiona. Alinipandisha kwenye mzani, akautazama, akanitazama mimi, akautazama tena, halafu akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nina mashine ya kukamua alizeti Kinampanda. Akauliza kama ni mimi ninayeizungusha. Nikasema hapana, inazungushwa na umeme, mimi nakaa kwenye kiti naiangalia.

"Basi mzee Sixbert," akasema, "tafuta kitu cha kuzungusha mwenyewe."

Kutembea kwa miguu nilikataa, maana mwanaume wa umri wangu akitembeatembea bila shughuli anaonekana amefukuzwa nyumbani. Kukimbia ndiyo kabisa. Lakini niliwahi kuwaona Wazungu kwenye barabara ya lami, wamevaa kofia ngumu, wanaendesha baiskeli kwa raha zao, hawaendi kokote wala hawapeleki chochote. Nikasema hii ndiyo yangu. Nikanunua baiskeli ya gia ya mtumba mjini Singida, ya bluu, nikaipeleka kwa fundi Alute aikague. Alute aliizunguka kimya kimya.

"Mzee, hapa wamekupiga. Haina keria."

"Sihitaji keria. Sibebi kitu."

"Hubebi kitu?" Akaweka spana chini. "Sasa unaendesha unaenda wapi?"

"Naenda na kurudi. Mazoezi."

Alinionea huruma. Bila kuniuliza tena, akakata nondo, akachomelea keria ya kubeba gunia zima la alizeti, akaipaka rangi nyeusi. Akasema baiskeli isiyo na keria ni kitanda kisicho na chaga, na kwamba siku moja nitamshukuru.

Siku ya kwanza nilitoka asubuhi, jua bado halijakolea. Mara ya mwisho kukanyaga pedeli nilikuwa kijana nisiye na tumbo, nami nilidhani mwili unakumbuka. Mwili haukukumbuka kitu. Kufika kwenye kona ya kanisa magoti yalikuwa yananilaumu, mgongo umegoma, na sehemu nyingine zilizouma sitazitaja kwa heshima ya wasomaji. Hata hivyo maumivu hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa watu.

Kwetu huku mtu mzima haendeshi baiskeli bure. Keria ina gunia, au ina maji, au kuku, au mke. Ukimwona mtu mzima asubuhi anakanyaga kwa nguvu, anahema, keria tupu, ujue anapeleka taarifa ya msiba. Simu zipo, kila mtu anayo mfukoni. Lakini kifo cha ndugu wa damu hakitangazwi kwenye simu. Anatumwa mtu, anapanda baiskeli, hafungi mzigo, hasimami njiani, na akifika hasemi haraka. Sasa nitazame mimi: sina mzigo, nahema, na sisimami, kwa sababu nikisimama sipandi tena.

"Nani katutoka?" aliniuliza Noel mwenye duka, kofia tayari iko mkononi. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani waliweka ndoo chini na kushika vichwa. Nikajaribu kuwaambia ni mazoezi, pumzi ikagoma kutoka, nikawapungia mkono tu, na hilo likaharibu zaidi. Nilipofika nyumbani nikakuta majirani wamejifunga kanga viunoni, wanamuuliza mke wangu Elina matanga yanakaa nyumba gani. Elina alikuwa anaosha vyombo.

"Msiba ndiyo huyo anakuja," aliwaambia, akinionyesha kwa mwiko.

Elina ndiye aliyepata dawa. Alichukua dumu la maji la njano, likiwa tupu, akalifunga kwenye keria kwa mpira. "Sasa unaonekana mtu mwenye akili zako," akasema. "Umetumwa maji." Tangu siku ile nikawa na amani. Watu walinisalimia, wakanipisha, wengine wakanipa pole kwa kufuata maji mbali. Nami nikaanza kunogewa, nisiseme uongo. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili za njia, upepo unaingia shati kifuani, na suruali zangu zikaanza kudai mkanda. Kitu nilichokianza kwa hofu ya mzani nikawa nakiamkia kwa furaha.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya moshi.

Nyuma ya jiko letu ardhi inashuka hadi korongoni, na ng'ambo ya korongo kuna kitongoji cha Migunga. Anakaa huko Theresia, dada mkubwa wa Elina. Wawili hawa walikuwa hawajasemezana miaka mitatu, tangu tulipomzika mama yao. Siku ile Elina ndiye aliyesonga ugali wa waombolezaji. Theresia akamega tonge, akatafuna, akasema mbele ya wanawake wote, "Ugali mbichi huu. Mama kafa hajakufundisha." Elina akamjibu, "Basi hutaula tena mpaka siku nitakayokufa." Theresia naye hakuacha: "Siku hiyo angalau atasonga mwingine." Yakaisha hapo, na kila kitu kikaishia hapo.

Jeuri ya mke wangu naijua, na mapenzi yake nayajua pia. Kila jioni alisimama nyuma ya jiko akiangalia ng'ambo, kwenye moshi wa jiko la Theresia. "Leo kawasha mapema," alikuwa akisema. Au, "Kuni zake mbichi zile, atakohoa." Jina hakulitaja hata mara moja. Alitaja moshi tu. Iliniuma kumwona hivyo, maana dada hana mwingine, na mimi nilishajaribu kuwapatanisha nikaambulia kuambiwa nikae na mashine yangu.

Wiki ile moshi ukakatika. Jioni ya kwanza Elina alisema labda kasafiri. Jioni ya pili hakusema kitu. Ya tatu hakula.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Nimpigie mimi? Aliyeanza nani?"

"Basi nipige mimi."

"Ukipiga wewe ni mimi nimepiga."

Asubuhi nilimkuta uani anaijaza baiskeli yangu upepo, kwa pampu, mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akafunga dumu kwenye keria. "Baba Jenifa," akasema bila kunitazama, "wewe si unajisifu mwili umekuwa mwepesi? Leo nenda mbali kidogo."

"Mbali wapi?"

"Mbali tu." Macho yakaenda ng'ambo yenyewe. "Na sijakutuma."

Nikashuka korongoni kwa kasi ambayo sikuipanga. Breki za mtumba ni za kuombea. Baiskeli iliruka mawe, ikaruka mizizi, nami nikapiga kelele kama mtoto, nusu kwa woga na nusu kwa raha, na katika kelele hizo sikusikia kitu kingine chochote. Chini nikavuka mchanga, upande wa pili nikaanza kupanda. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kwenye kilima kile sitashuka kusukuma. Nikaweka gia nyepesi kuliko zote, nikapanda kwa kuyumba kulia na kushoto, miguu inazunguka sana na baiskeli inasogea kidogo. Kuku mmoja alinipita, akatangulia, akanisubiri. Lakini sikushuka. Niliingia uani kwa Theresia juu ya baiskeli, mara yangu ya kwanza kumaliza kilima katika maisha yangu ya uzeeni, na hewa yote ya kifua nikawa nimeiacha njiani.

Theresia alikuwa amekaa anapepeta mahindi kwenye ungo. Mzima wa afya. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Nilikusudia kumwambia: shikamoo dada, Elina hajambo, ana wasiwasi tu. Kilichotoka ni hiki:

"Eli... Elina... ah... Elina..."

Nikainama, nikashika magoti. Theresia alinitazama jasho linavyonitiririka, kisha akatazama nyuma yangu. Nami nikageuka. Mpira ulikuwa unaning'inia. Dumu halikuwepo.

Ungo ukaanguka, mahindi yakamwagika, na Theresia akapiga ukunga uliowatoa watu wa Migunga majumbani. Nikainua mkono kukanusha. Mama mmoja akaushika mkono huo, akanikalisha chini, akanipigapiga mgongo. "Lia baba," akaniambia, "usijikaze, wewe lia tu." Kila nilipojaribu kusema neno, kikohozi kinanikaba, na watu wanazidi kunililia.

Theresia alilia kwa Kinyiramba, kwa maneno ambayo nikiyaandika yote hapa nitayaharibu. Lakini nilimwelewa. "Mdogo wangu, ule ugali ulikuwa umeiva!" alilia. "Ulikuwa umeiva vizuri! Nilifiwa na mama, nikakosa wa kumgombeza, nikakugombeza wewe! Amka unisongee mwingine, mdogo wangu, nile hata kwa chumvi!" Alijitupa chini kwenye mahindi yake. Nilisikia moyo unanipasuka, na nilikuwa mtu pekee pale uani anayejua kwamba marehemu muda huo anaosha vyombo.

"Yuko hai!" nikasema hatimaye. Hakuna aliyesikia. Nikavuta pumzi nyingine, nikapaza: "Jamani! Elina yuko hai! Ni mzima!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Theresia akainuka taratibu, punje za mahindi zimemganda shavuni.

"Yuko hai," akasema.

"Hajambo kabisa, dada. Shikamoo."

"Sikuitikii." Akanisogelea. "Unakujaje kwa mtu asubuhi na keria tupu? Huna akili? Huna mama?"

"Kulikuwa na dumu. Limeanguka."

"Dumu la nini?"

"La kuonyesha kwamba hakuna aliyekufa."

Nilimweleza yote, daktari, mzani, Wazungu na kofia zao, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mgonjwa. Mwisho nikamweleza habari ya moshi. Akanionyesha kwa kidevu mlangoni mwa jiko, ambapo mtungi wa gesi ulikuwa unang'aa. Mwanaye alikuwa amemletea wiki ile ile.

"Kwa hiyo anauangalia moshi wangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kila jioni. Hizi tatu zilizopita hajalala vizuri."

Alijifuta uso kwa pembe ya kanga. Akawatazama majirani, ambao hawakuwa na haraka ya kuondoka. "Nimeshamlilia mtu mbele ya kijiji kizima," akasema. "Nitarudije ndani niendelee kununa?" Akakaza kanga kiunoni, akaja, akakalia keria. "Twende."

Alute Mungu ambariki, nondo zake hazikulia hata kidogo. Mimi ndiye niliyelia. Chini korongoni tuliokota dumu, Theresia akalipakata. Kwenye kilima cha upande wetu nikashuka nisukume, nikitegemea naye atashuka. Hakushuka. "Si ulisema ni mazoezi?" akasema. Nikasukuma, na nyuma yetu wanawake wa Migunga wakafuata kwa miguu, kanga viunoni, kushuhudia mwisho wa mambo.

Elina alikuwa amesimama nyuma ya jiko, mahali pake pa siku zote. Alituona tunatokea korongoni: mume wake anasukuma baiskeli, dada yake juu ya keria macho mekundu, kundi la wanawake nyuma. Mwiko ukamtoka mkononi. Akashika kichwa.

"Nani?" akapiga kelele. "Nani amekufa?"

Theresia akashuka kwenye keria, akaweka dumu chini.

"Wewe," akasema.

Walishikana pale pale, wakalia, wakasukumana, wakashikana tena, na Elina hakuelewa kitu mpaka wanawake wa Migunga walipomweleza wote kwa pamoja. Nami nililia, na sikusingizia jasho. Aliposikia habari ya mtungi, Elina alijitoa mikononi mwa dada yake. "Gesi!" akafoka. "Mimi nakonda kwa mawazo huku, kumbe mwenzangu anapikia gesi!" Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, wala hakuna aliyegusia matanga ya mama. Elina aliokota mwiko, akaingia jikoni, akabandika maji.

Tulikula uani, ugali na mlenda. Theresia alinawa, akamega tonge, akalichovya, akatafuna polepole. Elina alikuwa hali, anamtazama mdomo. Hata wanawake wa Migunga waliacha kutafuna.

"Mbichi," akasema Theresia.

Nilikuwa nimeyasikia mwenyewe yale aliyoyalia kule uani kwake, nikafungua mdomo niseme. Theresia alinikata jicho nikaufunga. Kisha akavuta sahani ya ugali karibu yake, akamega tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza.