Mlango Uliopelekwa Barazani

Zamani, mwenye nyumba akimchoka mpangaji, hakuhangaika na mawakili. Alimwita seremala, mlango ukang'olewa eti kwa matengenezo, na matengenezo yenyewe hayaishi mpaka mpangaji achoke kulala na upepo, afungashe virago. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Marehemu mumewe Bi Sindano alifanya hivyo, na usingizi wake haukupungua hata kidogo.

Bi Sindano ni fundi cherehani, na nyumba aliyoachiwa na mumewe ina chumba kimoja tu cha chini. Vingine vyote viko juu. Hicho cha chini alikaa kinyozi, mtu mpole, mlipaji, asiye na kelele. Kosa lake lilikuwa kukaa pale ambapo mama mzazi wa Bi Sindano angeweza kukaa.

Huyo mama kumbukumbu zilishaanza kumtoka. Aliishi kwa kaka yake Bi Sindano, na kaka na mkewe wakienda kazini walimfungia kwa kufuli asije akapotea. Siku moja Bi Sindano alimkuta akigonga mlango kwa ndani, taratibu, kama mgeni anayepiga hodi. Alilia barabarani bila haya, akaapa mama yake hatafungiwa tena maadamu yeye yu hai. Ngazi bibi kizee haziwezi, kwa hiyo kilibaki kile chumba cha chini.

Alimweleza kinyozi. Kinyozi akampa pole, na pole ya kweli, kisha akamkumbusha sheria mpya: mpangaji asiye na kosa hatolewi bila notisi ya nusu mwaka, tena baraza la nyumba liridhie. Nusu mwaka! Sheria hiyo iliingia Bi Sindano akiwa ameinamia cherehani yake, akadhani ni ya wenye maghorofa. Basi akamwita seremala, mlango ukang'olewa, na kinyozi akapeleka malalamiko barazani.

Haya sasa. Sheria ni msumeno. Baraza liliuchukua mlango uwe ushahidi, likaamuru chumba kibaki kilivyo mpaka kesi isikilizwe, mtu asithubutu kupigilia hata ubao, na kinyozi apewe chumba kingine chenye mlango ndani ya nyumba ile ile. Vyote vilikuwa na watu. Kilibaki cha Bi Sindano mwenyewe. Kinyozi akapanda na godoro lake, akiomba radhi kila ngazi, na mwenye nyumba akashuka na lake.

Yaani alikipata chumba! Alikipata kama alivyokitaka, kasoro mlango. Akampigia kaka yake simu, asimlete mama kwanza. Kaka akasema kazi imemhamishia mji mwingine, mizigo ishapakiwa garini, na mama naye kaketi mbele anasubiri. Alimshusha jioni hiyo hiyo.

Kabla hata chai ya asubuhi haijachemka, mama alikuwa keshafika barabarani mara mbili, akiitafuta nyumba ya utotoni mwake. Pazia limzuie nani? Bi Sindano akaiburuta cherehani mpaka mlangoni, akakaa nyuma yake. Hapo ndipo anaposhona, hapo ndipo anapokula, na wateja humpokeza vitambaa kwa juu. Usiku hutandika godoro kizingitini. Sokoni hajakanyaga tangu hapo. Kesi imeahirishwa, na itaahirishwa tena, maana wenye nyumba waliong'oa milango ni wengi na baraza ni moja.

Kinyozi akipita humsalimia, akamwuliza kama anahitaji chochote dukani. Bi Sindano angependa kumchukia, na hawezi, na hilo ndilo linalomuudhi zaidi.

Juzi mama yake alikuwa kitandani, akimtazama mgongo kwa muda mrefu. Akanyanyuka, akaja akamshika bega.

"Mwanangu," akamwuliza, "nani amekufungia humu?"

Bi Sindano aliinamia cherehani. Machozi yakamdondokea kwenye gauni la watu.

"Usilie," mama akamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe gonga pole pole tu. Wakirudi kutoka kazini huwa wanafungua."

Bi Sindano akaivuta cherehani karibu zaidi, akaendelea kushona.