Maji ya Nakuru

Khairiya alipoletwa Kibokoni kwa shangazi yake alikuwa na miaka tisa, na meno yake yalikuwa ya kahawia. Baba yake alifanya kazi ya reli Nakuru, na maji ya kisima cha kule ndiyo aliyoyanywa tangu kuzaliwa. Shangazi, Bi Mwanaesha, aliyasugua meno yale kwa mkaa, kwa chumvi, kwa ndimu, hata fizi zikatoka damu. Mwisho akampeleka kwa daktari wa meno. Daktari akawaeleza kuwa rangi ile haitoki. Imeletwa na madini yaliyozidi katika maji ya kule. Ziko nchi, alisema, ambako madini hayo hayo hutiwa kidogo tu katika maji ya mfereji ili meno ya watoto yasioze. Na haya ni ya maji, si ya damu, hatamrithisha mtu.

Tangu siku hiyo shangazi alimfunza kucheka amefumba midomo.

Alipotimiza miaka ishirini, Zein, mshonaji wa mtaa wa pili, alimtaka, naye alimtaka Zein. Lililobaki ni mamake Zein, Bi Nana, kuja kumwona.

Bi Nana alikuja alasiri na dada zake, meno yake machache mekundu kwa kutafuna tambuu. Khairiya aliketi macho chini, akajibu salamu kwa adabu, na wageni wakapendezwa. Ndipo shangazi akaanza kisa cha mbuzi aliyetafuna kofia ya Maalim Taib, mwalimu wa chuo, alipokuwa akisinzia. Alijua hakuna kinachomvunja mbavu Khairiya kama kile, hasa pale maalim anapomwomba mbuzi kofia yake kwa heshima zote. Khairiya alijiuma ulimi. Hakuweza. Alicheka, na meno yote yakaonekana.

Bi Nana akainama kumtazama kinywa.

"Na mjukuu wangu naye azaliwe na kutu kinywani?" Bi Nana aliuliza kwa upole.

Khairiya akamtazama shangazi. Aseme tu kuwa ni maji. Bi Mwanaesha alikuwa akiweka sawa mtandio wake.

"Ni kazi ya Mungu, dada yangu," alisema, kisha akamwita bintiye, Mwanakuu, alete kahawa. Mwanakuu akaingia na sinia, yumo ndani ya nguo mpya, anatabasamu, meno meupe pe.

Kabla ya magharibi walikwisha kukubaliana: Zein atamwoa Mwanakuu. Wageni wakataka tambuu, na mkasi wa kukatia popoo, zile kokwa ngumu za tambuu, haukuonekana.

"Tuvunjie wewe, mwanangu," shangazi akamwambia Khairiya. "Hayo meno yako hayana la kuogopa."

Wanawake wakacheka. Khairiya akaifuta popoo kwa leso, akaiweka baina ya magego, akauma. Ikapasuka mara moja. Shangazi akakinga kiganja, akapokea vipande, akampa nyingine.