Neno Lililokataa Kukauka

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilianza na ukungu mwepesi, kisha jua likachomoza mapema na upepo ukavuma kwa kiasi, asubuhi ambayo dobi yeyote angeiombea.

Mwanafunzi alipita chumba cha mashine bila kuitazama mashine yenyewe, akatoka uani kukagua kamba. Walimwita Mwanafunzi kwa sababu alikuwa amevuka miaka hamsini na kila jioni alikuwa darasani akisoma Kiingereza, baada ya kuomba dua ndefu kiasi kwamba mwalimu alishazoea kumsubiri. Kila neno alilofundishwa jioni alilikuta asubuhi limeanikwa katikati ya shuka na foronya. Neno alilolijua maana lilikuwa kavu. Neno asilolijua lilichuruzika maji. Wenzake hawakuona tatizo katika hilo, isipokuwa upungufu wa vibanio.

"Mwanafunzi, soma polepole basi!" alifoka mpiga pasi. "Mimi foronya za wateja nizianike masikioni?"

"Nisamehe, dada yangu. Kesho nitakuja na vibanio vyangu."

"Ulisema hivyo hivyo ulipojifunza zebra. Lilichukua kamba nzima, na mistari yake!"

Maneno aliyosoma yote yalikuwa ya herufi tano, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa na mashine kubwa ya kufulia, yenye vidirisha vitano tu vya kuandikia. Mambo yalipokuwa shwari iliandika maneno ya kawaida. Palipokuwa na hatari iliandika neno lenye zeti, herufi ile ya mwisho. "Razor": kuna wembe umesahauliwa mfukoni. "Dozen": shuka zimezidi kumi na mbili. "Dizzy": pipa linazunguka kupita kiasi. Iliandika kwa Kiingereza, na waliofua hawakujua Kiingereza.

Wifi yake Mwanafunzi ndiye aliyekuwa akisimamia mashine hiyo mpaka mvuke ulipomuunguza mkono wa kulia. Ofisi iliandika kwamba alikuwa mzembe, na yeye mwenyewe akaamini. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba leo atauliza maneno yote yenye zeti. Akipatikana wa kuyajibu, atashika mashine. Asipopatikana, wifi atarudi pale pale, na mkono wake ule ule. Usiku kucha wifi alikuwa amejigeuza kitandani, na upande wa pili wa ukuta Mwanafunzi alikuwa amepiga magoti.

Sasa alipita kambani akigusisha kila neno shavuni, kama wanavyofanya madobi kabla ya kuanua, maana kiganja kilichozoea maji hudanganya. "Gauze", kitambaa cha kidonda, kavu. "Froze", iliganda, kavu. Mwisho wa kamba lilining'inia "blaze", likidondosha maji kama limetoka kwenye beseni sasa hivi. Lilifundishwa jioni ambayo yeye hakuwa darasani, alipompeleka wifi kubadilishiwa bendeji.

"Ee Mungu wangu," alisema taratibu. "Hili silijui."

Wifi, aliyekuwa amemfuata uani, alilitazama. "Mbona kama nimeshaliona?" Akashika ncha moja kwa mkono mzima. "Shika huko, wifi. Tulikamue."

Kitu kizito hakikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja husokota kulia, mwenzake kushoto. Walisokota. Yakatoka maji baridi, kisha ya vuguvugu, kisha ya moto. Kisha ukatoka mvuke, na ndani ya mvuke zikatoka sauti.

"Bosi, imeandika kitu hapa." Ilikuwa sauti ya wifi mwenyewe.

"Imeandika, imeandika! Wewe unajua kusoma?" Hiyo ilikuwa ya msimamizi. "Toa shuka, wageni wanasubiri!"

"Lakini bosi, tungeuliza kwanza."

"Nimesema toa!"

Kilichofuata kilikuwa ukelele, na neno likawa kavu. Mwanafunzi aliligusisha shavuni, akalijua: moto mkali unaowaka kwa nguvu.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni tangu maji ya vuguvugu. Aliangalia chini.

"Hayo maji yafagiliwe," alisema. "Watu watateleza."

Wifi alikaa juu ya kapu la nguo. "Kumbe niliuliza," alisema. "Wifi, umesikia? Niliuliza." Akarudia tena, mabega yakishuka kama ametuliwa ndoo kichwani, akacheka huku akijifuta macho kwa bendeji.

Mtihani ulifanyikia palepale. Msimamizi aliuliza, Mwanafunzi akajibu, na alipofika "blaze" msimamizi alilisema haraka na hakusubiri jibu liishe.

"Umepita. Shika mashine."

"Ahsante, bosi. Basi tubandike maana ukutani, kila mtu azione?"

"Ukuta umepakwa rangi juzi."

"Na lile neno mzembe, litafutwa?"

"Faili limeshafungwa, mama. Tufanye kazi."

Mpiga pasi alifagia maji, mwingine akaanua "blaze", akalikunja mara mbili na kuliweka kwenye rafu pamoja na taulo ndogo. Wifi alienda kwenye meza ya kukunjia, mbali na mvuke, akaanza kuimba wimbo ambao hakuwa ameuimba tangu alipoungua.

Mwanafunzi alisimama mbele ya vidirisha vitano. Alifumba macho kidogo, midomo ikacheza, kisha akageuka kuwatazama wote, na msimamizi miongoni mwao.

"Jamani, nisikilizeni. Kila neno litakalotokea hapa nitalisema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kufika mpaka kambani. Na nisipolijua nitasema silijui, na mkono wa mtu hautaingia humu mpaka tulijue, hata aje nani kutuharakisha. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu."